Pazia la Mbele, Mchana Kweupe

Huku kwetu Harlsby mtu hafungi pazia la mbele mchana. Ukilifunga, kuna maiti. Hakuna aliyetufundisha, tumezaliwa tukalikuta hivyo. Hata mtoto mdogo akipita mtaani akaona dirisha la mbele limefungwa mchana kweupe, anaacha kelele zake bila kukemewa. Kwa hiyo msinijie na maswali ya "ulisahauje, Enid?" Sikusahau kitu. Mimi ni mzee, lakini akili zangu ziko palepale. Nilifunga pazia kwa sababu nilikuwa nimetolewa mtoto wa jicho upande wa kulia, na mwanga ulikuwa unaniuma hadi kisogoni. Na nililifunga bila wasiwasi kwa sababu nilijua hakuna anayeangalia dirisha langu.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Walikuwa wanaangalia. Ila kugonga mlango ndiko hawakuwa na habari nako.

Mume wangu, Wilf Tordoff, aliuza vyombo vya udongo uwanjani kwetu, soko la Alhamisi, tangu sisi wote wawili tukiwa vijana. Hakupanga sahani mezani akangoja wateja kama muuza duka. Alipanda juu ya kreti akapiga kelele. Alishika sahani za watu wanane, na vikombe vyake juu, akazirusha zote kwa pamoja, zikamrudia mikononi zimepangana, na wanawake walipiga mayowe kila wiki kana kwamba hawakuona hayo wiki iliyopita. "Mama, usiniangalie mimi, mke wangu yuko hapo nyuma! Angalia sahani!" Huyo alikuwa Wilf. "Mimi sikuuzii, nakuonea huruma tu!" Huyo pia alikuwa Wilf.

Lakini kabla chombo hakijatoka mkononi mwake alikigonga kwa kifundo cha kidole, akakitegea sikio. Chombo kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa. Kilichokohoa alikipiga chini palepale kwenye mawe, kikawa vipande mbele ya watu, na ndiyo sababu walimwamini. Nenda nyumba yoyote Harlsby, fungua kabati, utakuta kitu kilichogongwa na mume wangu.

Na kengele ya soko ilikuwa yake. Ni kengele ya shaba, ya mkononi, nzito. Saa mbili kamili asubuhi aliipiga chini ya mnara wa saa, na kabla ya hapo huuzi hata yai. Derek Sugden wa bucha, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliwahi kumuuzia mtu soseji kabla ya kengele. Wilf akamnyima salamu hadi Krismasi. Siku ya Krismasi akaenda kwake na chupa, wakalia wote wawili, wapumbavu wale.

Kisha Wilf akaanza kusahau. Alisahau bei kwanza, nikawa nasimama karibu naye nikimnong'oneza. Halafu akasahau njia ya nyumbani, na mwisho akanisahau mimi. Hatukujaliwa watoto. Nilihangaika naye nyumbani hadi siku aliponisukuma ngazini akidhani mimi ni mwizi wa vikombe. Ndipo wakampeleka Beckside, nyumba ya wazee iliyo kwenye barabara ya mnada wa kondoo.

Mwanzoni watu waliuliza. "Wilf yukoje?" Nikajibu, "Yuko vilevile." Huku kwetu hilo ni jibu kamili. Taabu yake ni kwamba halina mwisho, na watu huchoka kuuliza kitu kisichobadilika. Halafu tuna adabu moja mbaya sana sisi watu wa huku. Tukiona mwenzetu ana shida, tunamwacha apumue. Tunaita heshima. Basi na mimi wakaniacha nipumue, mwaka ukaja mwaka ukapita, nikapumua mpaka nikawa nazungumza na birika.

Kilichoniudhi zaidi kilikuwa Alhamisi zenyewe. Napita sokoni na kapu langu, naelekea Beckside, namsikia muuza viazi anapiga kelele, "Sikuuzii, nakuonea huruma tu!" na watu wanacheka. Muuza jibini naye, "Usiniangalie mimi, mke wangu yuko nyuma!" na hana hata mke. Maneno ya mume wangu yalikuwa yanafanya kazi sokoni, mwenyewe amekaa Beckside na kitambaa shingoni akilishwa kastadi. Sugden ndiye aliyepewa kengele. Alikuwa ananipungia mkono kutoka mbali, akijifanya ana wateja.

Sasa turudi kwenye jicho. Ilikuwa Jumanne mwezi wa Mei. Nilirudi kutoka hospitali kwa teksi, jicho limefunikwa, nimeambiwa nikae ndani siku chache, nisikutane na mwanga. Nikapiga simu Beckside wakasema Wilf amekula vizuri. Nikafunga pazia la mbele, nikalala kwenye kochi.

Kesho yake asubuhi nikasikia kitu kinawekwa mlangoni, kisha hatua zinaondoka upesi. Nikafungua. Pai ya nyama, bado ya moto, imefunikwa kwa kitambaa safi. Jamani, nilifurahi. Nilisimama na ile pai nikajisemea, kumbe kuna mtu alijua naenda kutolewa mtoto wa jicho! Nililia, na nilikatazwa kulia kwa sababu ya ile dawa. Haijafika adhuhuri zikaja pai mbili zaidi na keki ya tangawizi. Hakuna aliyegonga. Hapo ndipo ubongo ulipoanza kuamka, nikalitazama pazia, pazia likanitazama.

Kabla sijanyanyuka kulifungua, Ida Cowling akaingia. Ida anakaa ng'ambo ya mtaa, dirisha lake linatazamana na langu. Tulikaa dawati moja shuleni, nikamfundisha kupiga miluzi. Na kwa miaka yote ile ya kupumua alikuwa ananisalimia kwa kuinua kidevu tu, kama jogoo. Siku hiyo alivaa koti lake jeusi, mkononi ana bakuli kubwa la kuokea, lile jeupe lenye ukingo wa buluu. Akaliweka mezani, akanishika mikono yote miwili.

"Enid, mwenzangu," akasema. "Wilf wetu. Amepumzika sasa, masikini."

Nilifungua mdomo nimwambie, Ida, usiwe mjinga, hili ni jicho. Lakini alikuwa ameshaweka birika jikoni. Alikuwa ameshavua koti. Akaketi kwenye kiti cha Wilf, kiti ambacho hakijakaliwa na mtu tangu sijui lini, akaanza kuzungumza.

"Unakumbuka alivyomuuzia mchungaji birika la chai lisilo na mfuniko?"

"Nakumbuka."

"Akamwambia mfuniko ataupata mbinguni!"

"Na mchungaji akalipa bei ya birika zima," nikasema.

Ida akacheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Nikacheka naye. Nikajiambia, amalize kikombe hiki nimwambie. Akamaliza, akamimina kingine. Nikajiambia basi cha pili. Tukazungumza mpaka jioni, na alipoondoka sikuwa nimesema. Mkinihukumu, hukumuni. Ninyi hamjui kiti kitupu kinavyokaa chumbani.

Nilipanga kusema kesho yake. Lakini kesho yake ilikuwa Alhamisi, na soko lina taratibu zake.

Mtu wa soko akifa, ulimi wa kengele hufungwa kitambaa. Inapopigwa inatoa sauti nzito ya chini, watu wanavua kofia, na kwa muda hakuna anayeuza wala kununua. Nilikuwa kitandani. Nikasikia ile sauti inakuja juu ya mapaa, dum, dum, na baada yake uwanja mzima kimya. Walikuwa wanampigia mume wangu. Mume wangu aliyekuwa hai, nusu maili kutoka pale, labda anafungwa vifungo vya shati muda ule ule.

Sijui nilivaaje. Najua nilivaa miwani myeusi na koti juu ya nguo ya kulalia, maana nilionekana, na nilikuja kusemwa. Nikashuka mtaa, nikaingia uwanjani. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, watu wamesimama vichwa wazi kati ya meza, Sugden chini ya mnara na kengele mkononi, machozi yanamtoka kweli kweli. Ningependa kusema nilimhurumia.

"Nani kakwambia Wilf amekufa?" nikamuuliza.

"Shemeji, hukupaswa kutoka," akasema kwa upole. "Nenda kapumzike."

"Nimekuuliza, nani kakwambia?"

Akatazama huku na huku. "Pazia, shemeji. Pazia limefungwa."

"Pazia ni la jicho! Nimetolewa mtoto wa jicho, Derek! Wilf hajafa. Amekunywa uji asubuhi hii!"

Muuza jibini akasema, "Ee Mungu mkubwa, mzee yupo!" na mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kile cha aibu kinachomponyoka mtu. Kilinipandisha wazimu.

"Yupo!" nikapiga kelele. "Yupo siku zote! Yuko Beckside, chumba cha pili kushoto, mlango hauna kufuli! Nani hapa amewahi kuufungua? Pai za maiti mnazo, jamani, tena za moto. Za mtu mzima aliye hai zimeishia wapi?"

Sugden amekuwa mwekundu kuliko nyama yake.

"Wewe, Derek. Bucha yako na Beckside ni nusu maili. Mara ya mwisho umemwona lini?"

"Nilitaka nimkumbuke alivyokuwa," akasema.

"Na alivyo je? Hivyo alivyo akumbukwe na nani? Na mimi peke yangu?"

Nilisimama katikati ya uwanja nikingoja mtu mmoja tu, yeyote, aseme, Enid, ngoja nichukue koti twende wote. Ndicho nilichotaka, hakuna kingine, na kama wangekuwa na macho wangekiona. Ida alikuwa kwenye meza ya maua akitazama viatu vyake. Halafu muuza viazi akakohoa, akamgeukia mteja aliyekuwa mbele yake, akamuuliza, "Mama, ulisema kilo ngapi?" Basi. Mmoja baada ya mwingine wakarudi kwenye kabichi zao, nikarudi nyumbani kwa miguu na viatu vimelowa.

Mnadhani baada ya hapo mambo yalibadilika? Yalibadilika, yakawa mabaya zaidi. Zamani walikuwa wananiacha kwa heshima, sasa wakaniacha kwa aibu, na aibu ndiyo inayofunga mlango vizuri. Wakiniona naja, wanavuka barabara. Siku moja nililikuta gari la Sugden uani Beckside, lile lenye picha ya nguruwe mwenye kofia ubavuni. Nikaingia haraka, nikatazama chumbani kwa Wilf, hakuna mtu. Nikachungulia dirishani. Sugden alikuwa amekaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, injini inanguruma. Alikaa hivyo kitambo. Halafu akaondoka.

Vyombo vyao vikabaki kwangu. Hilo nalo ni jambo la huku. Chombo cha msiba hakidaiwi wala hakirudishwi mpaka mazishi yapite. Ukikirudisha mapema, umemfukuza aliyekileta. Akikidai mapema, ni kama kukwambia umelia vya kutosha. Sasa msiba haukuwapo, mazishi hayakuwapo, na hakuna aliyejua la kufanya. Wangekuja kuvichukua ingebidi wanitazame usoni. Ningevirudisha ingebidi nigonge milango yao, na ng'o, sigongi. Nikaviosha, nikavipanga kabatini, bakuli la Ida mbele kwa sababu halikuingia kwingine.

Lakini vilinipa kitu. Nilianza kuchukua kimoja kimoja, nikakifunga kwenye taulo, nikampelekea Wilf. Nilimwekea mapajani. Mtu ambaye hajui jina lake, hajui kama ni asubuhi au jioni, akikipata chombo mkononi kidole kinajikunja chenyewe. Anakigonga. Anainamisha kichwa.

"Kizima hiki, mama," ananiambia, sauti ile ile ya sokoni, ila chini. "Chukua sita."

"Nachukua sita," nasema.

"Mimi sikuuzii. Nakuonea huruma tu."

Alinifanya mteja, na nilikubali. Mwenzenu nilikuwa nimeshakuwa mwizi wa vikombe, mteja ni cheo. Siku nilipompelekea bakuli la Ida alilizungusha muda mrefu, akaligonga mara mbili, likalia chumba kizima. Akatabasamu. "Hili la Cowling," akasema. Jina langu lilikuwa limepotea, la wateja wake bado lilikuwamo. Nilimchukia Ida siku ile, nilimchukia kweli, kisha nikalala nalo bakuli juu ya kifua nikimwonea wivu.

Novemba nikaitwa hospitali kwa jicho la pili, la kushoto. Mtaa mzima ulijua safari hii. Ida alikuwa anafagia mlangoni teksi iliponirudisha na jicho limefunikwa, na nikaona anatikisa kichwa kwa jirani, kama kusema, tunajua sasa, hatudanganyiki tena. Sikufunga pazia. Nilikaa jikoni nyuma na miwani yangu myeusi, kwa ukaidi tu.

Jumatano alfajiri simu ikalia. Nilijua kabla sijaishika. Nilikwenda Beckside kwa miguu, nikakaa naye, alikuwa amelala kiubavu kama alivyolala siku zote kwangu. Mkono wake ulikuwa umekunja kile kidole. Nikaushika mpaka wakaniambia inatosha. Nikarudi nyumbani, nikaingia chumba cha mbele, nikafunga pazia, safari hii kwa sababu yake yenyewe.

Halafu nikakaa nikingoja.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia mtu. Wahudumu wa Beckside wanakuja kwa basi kutoka jijini, hawamjui mtu hapa. Mzikaji wetu alishafunga duka, anayechukua maiti siku hizi anatoka bonde la pili. Mchungaji ana makanisa matano, tulipanga kwa simu, Jumanne saa tano. "Mnatarajia watu wangapi?" akaniuliza. Mume wangu alikuwa anawaita watu mia kwa sahani moja, na mimi nilikuwa natafuta jina moja la kumtajia mchungaji. Kusema nilikwisha kusema mara moja, mbele ya soko zima, na nguo ya kulalia. Mara ya pili niliona pazia liseme lenyewe. Hiyo ndiyo lugha yetu, na wote wanaijua.

Pazia likasema, wasilisikie. Jumatano yote nilisikia viatu vinapita dirishani. Hakuna hata kimoja kilichopunguza mwendo. Wawili wakasimama karibu kabisa, sauti ya mwanamke ikasema, "Jicho la pili hilo," na mwenzake akajibu, "Twende zetu, tusije tukaumbuka tena." Watoto wa shule wakapita wakipiga kelele zao zote. Kizingiti changu hakikupata hata kipande cha keki.

Alhamisi asubuhi nilikaa kitandani nikingoja kengele. Nilijua itakuwaje lakini nilingoja. Ikapigwa saa mbili kamili, wazi, kali, inachangamka, ulimi hauna hata uzi. Mara moja muuza viazi akaanza kelele, na mwingine, na soko likajaa. Ya kifo chake walishaipiga yu hai. Sijawahi kuuchukia mji wangu kama asubuhi ile, na sina mji mwingine.

Ilikuwa kama saa tisa mchana mlango ulipogongwa. Nilifungua. Ida. Hakuvaa koti jeusi, amevaa aproni yenye unga, viatu vimelowa mvua, na hakunitazama. Alizungumza na fremu ya mlango.

"Sikusumbui, Enid. Nimekuja kwa lile bakuli. Najua si vizuri kulidai, lakini limekaa mno, na Jumapili tunambatiza mjukuu wangu, ukoo wote unakuja, sina chombo kikubwa kingine. Nikasema potelea mbali, atanifukuza, anifukuze."

"Ingia," nikasema.

"Nalowesha zulia."

"Ingia, Ida."

Akaingia, akasimama karibu na mlango. Nikaenda kabatini, nikalitoa bakuli. Chumba kilikuwa giza, na nilijua njia bila kuona.

"Jicho linaendeleaje?" akauliza, kwa ajili ya kusema kitu.

"Linaona vizuri. Yote mawili yanaona vizuri."

"Basi ungewasha hata taa, mwenzangu. Pazia la nini kama..."

Akaacha. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli tumboni na sikuweza kulitoa. Kidole kikajikunja. Nikaligonga lile bakuli, kama alivyokuwa akiligonga yeye, likalia kati yetu, likachelewa kunyamaza.

Ida akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Mei.

"Lini?" akasema.

"Jana alfajiri."

"Jana!" Akashika ukuta. "Jana, Enid? Na sisi tunapita hapo nje na vikapu? Mimi nilipita mara tatu!"

"Nilikusikia. Unaburuta mguu wa kushoto."

Nilidhani ataniambia pole, na kama angeniambia pole ningemtoa nje, nawaambia ukweli. Hakusema. Alikuja akanichukulia bakuli mikononi, taratibu, nikamwachia, nikajua sasa anaondoka nalo. Akapita mbele yangu hadi kabatini. Akalirudisha pale pale lilipokuwa, mbele, akalisogeza lisianguke.

"Litakaa hapa mpaka tumzike," akasema.

"Na ubatizo?"

"Watakula kwenye sufuria. Nisubiri."

Akatoka, mlango akauacha wazi, baridi ikaingia. Nikamsikia anavuka mtaa akiburuta ule mguu. Nikasikia mlango wake, kisha pete za pazia lake zikipita kwenye fimbo kutoka upande hadi upande. Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama. Wakatazama dirisha lake, wakageuka wakatazama langu. Mmoja akavua kofia, mwenzake akageuka kurudi uwanjani, mwendo wa haraka.

Ida akarudi na koti lake jeusi, bado ana unga kwenye nywele. Akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha Wilf, akapangusa macho kwa mkono.

"Haya," akasema. "Alikwendaje?"

Nikaenda kuweka birika.